Je, Ungemleta Mdogo Wako Hapa?

Kila ifikapo Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, simu yangu hugeuka kuwa ofisi ya udahili. Wazazi, walimu wa sekondari, mashemeji, majirani wa zamani na wahitimu wenyewe hutaka kujua ni chuo gani kizuri. Maswali yao nayajua hata kwa mpangilio wake. Kwanza, kozi ipi ina ajira. Kisha, kozi ipi ina mkopo. Kisha, chuo kipi kina jina. Mzazi mwenye binti huongeza swali jingine, kwa sauti ya chini kidogo, kuhusu usalama wa hosteli. Katika miaka yote niliyofundisha chuo kikuu, hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza kama wanafunzi wa chuo fulani wana furaha.

Sishangai. Neno furaha likitamkwa karibu na neno chuo, wengi wetu huona muziki wa Ijumaa usiku, bumu lililoingia asubuhi na kuisha kabla ya Jumapili, na kijana aliyesahau kilichompeleka. Mtoto hakwenda kustarehe, amekwenda kusoma: kauli hiyo utaisikia barazani, msikitini na kanisani, na utaisikia hata katika vikao vya chuo pale hoja ya maji kukatika hosteli inapoletwa mezani. Lakini lugha yetu imekwisha kututenganishia mambo haya. Ipo starehe, ipo raha, na vijana siku hizi wana "kula bata". Halafu ipo furaha, ambayo mtu anaweza kuwa nayo hali amechoka na ana mtihani kesho. Mwanafunzi wa udaktari anayetoka wodini usiku akiwa amefundishwa kitu na daktari aliyemwita kwa jina lake anaweza kuwa na furaha kuliko mwenzake wa kozi nyepesi anayeshinda amelala kwa sababu mhadhiri hajaonekana darasani kwa wiki ya tatu.

Nadai kwamba furaha ya aina hii ni kipimo halali cha chuo, na pengine ni kipimo cha kuaminika kuliko jina. Nadai pia kwamba inaweza kuulizwa na ikajulikana, na kwamba dola inayomkopesha kijana fedha za kwenda chuoni ina wajibu wa kumpa habari hizo kabla hajathibitisha nafasi yake.

Tuangalie kwanza namna uchaguzi wenyewe unavyofanyika. Kuanzia mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliendesha mfumo wa udahili wa pamoja, ambapo mwombaji alijaza machaguo yake mahali pamoja na mfumo ukampanga. Mwaka 2017 utaratibu huo uliondolewa, na waombaji wakarudi kuomba moja kwa moja vyuoni. Kwa maneno mengine, tangu mwaka huo kijana ana uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua, na anayepata nafasi katika vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu. Uhuru huo umeambatana na habari kidogo mno. Mwongozo wa udahili wa TCU ni waraka muhimu, na naheshimu kazi inayofanywa na wanaouandaa. Humo utakuta jina la programu, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Hutakuta idadi ya waliodahiliwa miaka mitatu au minne iliyopita ikilinganishwa na idadi ya waliohitimu kwa wakati. Hutakuta idadi ya vitanda. Hutakuta matokeo ya muhula hutoka baada ya wiki ngapi. Hutakuta kama kuna mtu yeyote aliyeajiriwa kusikiliza kijana ambaye hajalala kwa siku nne.

Pengo hilo hujazwa na matangazo. Chuo hupeleka meza na vipeperushi kwenye maonyesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja, hukodi gari la matangazo, huweka mabango njia panda yenye picha ya vijana watatu waliovaa majoho, wakicheka. Sina ugomvi na picha hizo. Nasema tu kwamba waliopigwa picha ni wale waliokwisha kumaliza.

Kuna jambo jingine la utaratibu ambalo watumishi wa umma wanaosoma hapa wanalifahamu vizuri. Mara nyingi orodha za waliopangiwa mikopo hutoka wakati kijana ameshathibitisha chuo, au akiwa ameshawasili na begi lake. Kwa hiyo huchagua chuo cha mji fulani bila kujua kama ataweza kuishi katika mji huo. Aliyetoka Kasulu akapata nafasi Dar es Salaam na Dodoma anapaswa kuamua kati ya miji yenye gharama tofauti, akiwa hajui mfukoni atakuwa na nini. Nimewaona wanaofika na barua ya udahili na namba ya simu ya mjomba ambaye hapokei.

Na uamuzi huu una bei. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika wa mkopo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, badala ya asilimia 8 ya zamani. Serikali ilifanya jambo jema mwaka 2021 ilipoondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, lakini deni lenyewe limebaki, na hulipwa na aliyemaliza kama linavyolipwa na aliyekatishwa masomo, au kama wanafunzi wasemavyo, aliyedisko. Kijana aliyeingia katika chuo kilichomvunja moyo, akaanguka mwaka wa pili na kurudi nyumbani, anarudi na deni bila shahada. Tunapoona aibu kumuuliza kuhusu furaha, tukumbuke kwamba hatuoni aibu kumdai.

Najua chimbuko la aibu hiyo, na silidharau. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alitumia mfano ambao wengi wetu tulikua nao: mwanafunzi wa chuo kikuu ni kama mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi, amewasaliti. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwarudisha makwao karibu 400, na akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hilo liliacha alama ndefu. Mwanafunzi anayedai kitu, tangu hapo, hushukiwa kuwa ni mwana wa kudekezwa anayesahau kijiji.

Lakini tuusome mfano huo wote. Yule mtu alipewa chakula. Kijiji kilijinyima ili ashibe, kwa sababu wazee walijua kwamba mwenye njaa hafiki. Mwanafunzi wa Mlimani wa miaka ile alikuwa na chumba, alikuwa na mlo kafeteria, na mhadhiri aliweza kumjua kwa sura na jina. Tangu sera ya uchangiaji wa gharama ianze kutekelezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, chakula cha safari kimepunguzwa na idadi ya wasafiri imeongezwa. Kuongeza idadi lilikuwa jambo la haki; mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba chuo kikuu cha wachache kingekuwa aibu kubwa kuliko chuo kikuu chenye msongamano. Lawama ya usaliti, hata hivyo, imebaki ileile kwa msafiri aliyepewa nusu ya akiba.

Hebu tupige hesabu, maana mjadala huu hupotea ukiachwa hewani. Kwa mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango cha fedha za chakula na malazi kwa wenye mkopo kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tuseme mwanafunzi anakunywa chai na chapati kwa shilingi 1,500, anakula wali maharage mchana kwa 2,500, na usiku hivyohivyo. Ametumia 6,500, na hajagusa nyama. Zimebaki 3,500 kwa siku, yaani 105,000 kwa mwezi. Kama hakupata hosteli, tuseme anashirikiana na mwenzake geto la shilingi 100,000 kwa mwezi. Sehemu yake ni 50,000. Anabakiwa na 55,000 za nauli ya daladala, bando, kutoa kopi, sabuni, dawa za malaria na mambo mengine ambayo binti huyahitaji kila mwezi na kijana wa kiume hayahitaji. Inawezekana. Wengi huishi hivyo, kwa nidhamu ambayo baadhi ya wakurugenzi wetu hawana. Ila hesabu hiyo ina sharti moja: fedha ifike siku iliyotarajiwa. Mwenye nyumba hataki 50,000 za mwezi, anataka kodi ya miezi sita mkononi. Bumu likichelewa wiki tatu, hesabu yote huvurugika, na anayeivuruga si mwanafunzi.

Hapo ndipo vyuo hutofautiana, na hapo ndipo swali la furaha huanza kupata majibu. Bodi ya Mikopo ni moja kwa nchi nzima. Lakini fedha hazishughulikiwi kwa kasi moja kila chuo. Kuna vyuo ambavyo ofisa wa mikopo anajulikana kwa jina, ana saa za kuonekana, hubandika taarifa na kusema ukweli kwamba malipo yatachelewa hadi tarehe fulani. Kuna vyuo ambavyo mlango wa ofisi hiyo una foleni tangu alfajiri na hakuna anayejua kama utafunguliwa. Shilingi ni zilezile 10,000. Mwanafunzi wa chuo cha kwanza anaweza kwenda kwa mama ntilie akaomba kukopa hadi tarehe aliyoambiwa. Wa chuo cha pili hana tarehe ya kumpa mama ntilie.

Kuhusu malazi sina haja ya kueleza sana kwa wasomaji waliopita huko. Wanaojua maana ya kubebana, na waliowahi kulala mzungu wa nne katika kitanda cha mtu mmoja, hawahitaji takwimu. Hosteli zilizofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Aprili 2017 zilikuwa na nafasi za wanafunzi 3,840, nazo zilipunguza adha kubwa. Lakini Msewe na Changanyikeni bado zimejaa wapangaji wa mwaka wa kwanza. Binti anayemaliza kipindi saa moja jioni na kutembea njia isiyo na taa hadi kwenye chumba chake anajifunza kitu kila siku kuhusu thamani anayopewa, na hakijaandikwa katika mtaala.

Nije kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko fedha na vitanda. Mwaka jana nilikwenda kama mtahini wa nje katika chuo kidogo, mbali na miji mikubwa. Majengo yake ni ya zamani, paa la maktaba limewekwa viraka, na kilima cha kwenda madarasani kinamtoa mtu jasho. Nilitarajia kukuta manung'uniko. Nilikuta mbao ya matangazo yenye alama za kazi za darasani zilizobandikwa kabla ya mtihani wa mwisho, kila moja na namba ya mtahiniwa, na chini yake karatasi yenye majina ya walimu na saa ambazo mwanafunzi asiyeridhika anaweza kwenda kuuliza. Niliwauliza vijana watatu waliokuwa wamekaa chini ya mwembe kama wamewahi kwenda. Mmoja alisema alikwenda, wakahesabu upya, alama yake ikabaki ileile. Alikuwa akicheka anaponieleza. Hakupata alichotaka, na bado alikuwa na amani, kwa sababu alihesabiwa mbele ya macho yake.

Linganisha na hali ninayoisikia mara kwa mara kutoka kwa vijana wa vyuo vingine, vyenye majina makubwa na majengo ya vioo. Matokeo ya muhula wa kwanza yanatoka muhula wa pili ukiwa katikati. Mtu amefanya mtihani, hana alama, anaambiwa karatasi haionekani, anaambiwa aandike barua, barua haijibiwi, mwaka wa tatu, wiki moja kabla ya mahafali, anagundua jina lake halimo. Hakuna chombo cha kupima mateso ya aina hii, nayo hayana uhusiano na ugumu wa masomo wala umaskini wa nchi. Kubandika alama kwa wakati hakugharimu zaidi ya karatasi na nia.

Wanaharakati watanikumbusha kwamba palipo na mlango wa kuuliza pana pia mlango wa siasa. Ni kweli, na historia yetu inashuhudia. Mlimani ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, ya Walter Rodney na ya madarasa ya itikadi ya Jumapili, inasimuliwa hadi leo na waliokuwepo kama zama za furaha, ingawa hakukuwa na starehe kubwa. Walikuwa wakisoma, wakibishana na walimu wao, wakiandika. Gazeti lao, Cheche, lilipigwa marufuku mwaka 1970. Julai 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Simon Akivaga, aliondolewa chuoni na askari baada ya kuukosoa uongozi, na wenzake wakagoma kuingia madarasani. Watu hawagomi kwa ajili ya mahali wasipopapenda. Kwa hiyo nikisikia chuo kinajisifu kwamba hakijawahi kuwa na mgomo tangu kianzishwe, siandiki hilo upande wa sifa hadi nijue kama ni utulivu wa walioridhika au ni ukimya wa wanaoogopa kufukuzwa.

Woga huo una sababu. Mwezi Mei 2016, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA waliokuwa Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kuondoka chuoni haraka, baada ya wahadhiri wao kuacha kufundisha kwa madai ya malipo. Vijana walilala stendi za mabasi. Mgogoro ulikuwa kati ya mwajiri na mwajiriwa. Walioufungia virago ni waliokuja kufundishwa. Baadaye baadhi walipangiwa vyuo vya ualimu na wengine wakaambiwa hawakuwa na sifa za kuwa pale tangu mwanzo. Mwaka uliofuata TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu za ubora, hatua ambayo naiunga mkono, lakini waliokuwa tayari ndani ya vyuo hivyo waliisoma habari hiyo magazetini kama watu wengine.

Ipo pia habari ambayo mzazi wa binti huiulizia kwa mafumbo, nami nitaitaja kwa jina. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Novemba 2018, siku ambazo Rais alikuwa Mlimani kufungua maktaba mpya yenye uwezo wa kuhudumia watu 2,100 kwa wakati mmoja, mhadhiri mmoja wa chuo hichohicho aliandika hadharani mtandaoni kwamba rushwa hiyo imekithiri. Mjadala uliofuata ulimhoji zaidi yeye kuliko alichokisema. Mwaka 2020 TAKUKURU ilitoa utafiti wake kuhusu tatizo hilo katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, na kulihakikisha. Maktaba ile ni nzuri sana. Mimi mwenyewe naipenda. Lakini binti anayeogopa kwenda kuchukua karatasi yake katika ofisi ya mwalimu baada ya saa kumi jioni hawezi kuwa na furaha katika chuo hicho hata ukimjengea maktaba tatu. Chuo kinachofaa kuchaguliwa ni kile ambacho binti wa mwaka wa pili anaweza kukutajia, bila kufikiri, jina la mtu wa kumpelekea malalamiko, na jina la mwalimu aliyewahi kuchukuliwa hatua.

Wapo watakaosema kwamba furaha hudanganya, na hapa nakubaliana nao kwa sehemu. Kampuni ya Princeton Review ya Marekani, ambayo haihusiani na chuo kikuu chenye jina linalofanana nalo, hutoa kila mwaka orodha ya vyuo vyenye wanafunzi wenye furaha zaidi, ikitegemea majibu ya wanafunzi wenyewe. Orodha hizo huuza vitabu, na vyuo vinavyoongoza ni vya nchi yenye mabweni ambayo hatuyawezi. Uingereza ina dodoso la taifa la wanafunzi wa mwaka wa mwisho tangu 2005, na huko nako walimu hulalamika kwamba wanafunzi humpa sifa anayegawa alama kwa wepesi. Na sisi tunavyo vyuo vitamu: maswali ya mtihani ni yaleyale ya miaka mitatu iliyopita, madesa yanauzwa kibandani, hakuna anayeshika sapu, na kila mtu anatabasamu hadi siku ya usaili wa ajira. Kwa hiyo sipendekezi tuwahesabu wanaocheka. Napendekeza tuulize maswali ambayo chuo kitamu hakiwezi kuyajibu vizuri.

Kwa kijana anayesoma haya akiwa na machaguo mawili mezani, nina ushauri wa vitendo. Kama unaweza kufika chuoni, usiende siku ya maonyesho. Nenda katikati ya wiki, saa za vipindi, ukae kwenye kimbweta bila kujitambulisha kwa ofisi yoyote. Uangalie kama vijana wanaotoka darasani wanabishana kuhusu kilichosemwa humo au wanatoka kimya wakitazama simu. Usiwaulize wa mwaka wa kwanza, maana wao bado wako kwenye harusi. Watafute wa mwaka wa tatu. Uliza matokeo ya muhula uliopita yalitoka lini. Uliza semina zina watu wangapi, na kama mwalimu wa semina huwa anakuja. Uliza mara ya mwisho maji kukatika hosteli yalirudi baada ya siku ngapi, na nani aliwaambia sababu. Uliza mwenzao aliyeugua au kufiwa alitendewaje mitihani ilipofika. Halafu uliza swali moja ambalo mimi huliamini kuliko dodoso lolote: ungemleta mdogo wako hapa? Usisikilize jibu tu. Sikiliza muda unaopita kabla ya jibu.

Wapo ambao hawawezi kufika, na ndio wengi. Nauli ya kutoka Sumbawanga kwenda kuchungulia chuo ni anasa. Kwa hao, mwalimu mkuu wa shule uliyosoma anao wahitimu wa miaka mitatu iliyopita waliotawanyika vyuo vyote. Kundi la WhatsApp la shule linatosha. Wapigie wawili wa chuo kimoja, si mmoja, kwa sababu mmoja anaweza kuwa na ugomvi wake.

Kwa watumishi wa umma, hasa walioko TCU, Wizara ya Elimu na Bodi ya Mikopo, ombi langu ni la kurasa chache. Mwongozo ujao wa udahili uweke, mbele ya kila chuo, idadi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza na idadi ya vitanda. Uweke, kwa kila programu, wangapi waliingia na wangapi wa kundi hilohilo walihitimu kwa muda uliopangwa. Uweke tarehe ambayo seneti ilipitisha matokeo ya mihula miwili iliyopita. Uweke idadi ya washauri nasaha walioajiriwa, na idadi ya malalamiko ya rushwa ya ngono yaliyopokelewa na yaliyoamuliwa. Chuo chenye sifuri kwenye malalamiko nacho kitakuwa kimesema jambo, na msomaji mwerevu atajua la kuuliza.

Sijaomba utafiti mpya wala bajeti. Vitanda vimehesabiwa na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, kwa sababu ndiyo inayovigawa. Walioingia na waliohitimu wamo katika mafaili ya msajili. Bodi inajua nani alikuwa akipokea fedha mwaka wa kwanza na hakuonekana mwaka wa tatu, kwa majina na namba za kidato cha nne. Tarehe za seneti zimo kwenye mihtasari. Nimewahi kuomba takwimu za aina hii kwa ajili ya semina ya wanafunzi wangu, nikajibiwa kwamba ni za matumizi ya ndani. Kijana wa miaka 19 ambaye amepewa siku chache kuthibitisha chuo, kwa deni atakalokatwa mshahara akiwa na watoto, yuko nje.